Mpira Alioubana Fundi Mbarouk

Mkipita hapa Madungu siku ya Ijumaa baada ya sala, mkaniona nimekaa peke yangu ndani ya gari nyeupe iliyosimama uani, injini inanguruma, vioo nimevifunga, kanzu ya msikitini bado nimeivaa, msinicheke. Najua mnacheka. Juzi nimemsikia mmoja wenu akisema, "Mzee Kombo anakwenda Makka bila ya kutoka uani." Maneno mazuri, yamenichekesha hata mimi. Lakini mimi nimestaafu, sijawehuka. Ile ni kazi, na ndiyo kazi ya mwisho niliyobakiwa nayo.

Gari si yangu. Ni ya Fundi Mbarouk, aliyenifundisha ufundi wa AC za gari, kisha akanifanya mshirika, kisha tukawa ndugu bila ya kuzaliwa pamoja. Yuko Maskati kwa wanawe. Siku aliyoondoka alinipa ufunguo, akaniambia, "Kombo, kila Ijumaa iwashe. AC dakika kumi, hata kama mvua inanyesha na weye unatetemeka. Nikirudi nataka niingie nipate baridi yangu." Nikamwambia inshallah. Alisema atarudi karafuu zikichumwa. Karafuu zimechumwa, zimeanikwa, zimeuzwa, msimu baada ya msimu, na mikarafuu mingine imekufa na kupandwa mingine mahali pake. Mimi nikawa nawasha.

Basi nyinyi mnaoshika spana leo, mnaodhani AC ni gesi tu, jaza, pokea ahsante, mwambie mwenyewe aende, hebu kaeni niwaambie habari za mipira inayopitisha gesi hiyo.

Nilipoingia kwa Fundi sikuwa mtoto, nilikuwa na ndevu tayari. Nilikuwa fundi baiskeli, najiona najua kila kitu. Siku ya kwanza nikamuuliza suali ambalo nilidhani litamshinda: ikiwa kompresa, ile pampu ya gesi, ni chuma, na paipu za mbele ni za bati gumu, kwa nini katikati wakaweka mpira, kitu kinachooza? Akawasha injini, akanikamata mkono akauweka juu ya kompresa. "Inafanyaje?" Nikasema inatetemeka. Akauhamisha mkono wangu hadi mbele, kwenye mwili wa gari. "Na huku?" Nikasema kumetulia. "Basi baina ya anayetetemeka na aliyetulia lazima akae mvumilivu. Chuma hapo kingekatika siku ya pili." Kisha akanituma nikamletee chai.

Mvumilivu naye ana mwisho. Mpira wa AC hula joto la injini upande mmoja na chumvi ya hewa yetu upande wa pili. Mpira mwembamba, unaotoka kwenye kompresa, ndio unaobeba gesi ya moto yenye nguvu, na ndio unaotangulia kuzeeka. Ule mnene wa baridi hukaa zaidi, ila unapogusana na chuma husuguka pole pole mpaka siku moja tobo. Nyinyi mna haraka, hamwangalii kama mpira umegusana na kitu. Sisi tulikuwa tunakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, tunaufunga pale penye msuguano, na gari inakwenda miaka. Na tazameni maungio kabla hamjashika chupa ya gesi. Mkiona vumbi limeganda pamoja na mafuta kwenye kile kikombe cha chuma kinachobana kichwa cha mpira, jueni hapo panatoka kitu. Pakeni povu la sabuni muone linavyochemka. Kumjazia mtu gesi na mpira unavuja ni kuteka maji kwa pakacha.

Na msimfungie mtu mpira wa petroli mahali pa mpira wa AC. Nimeliona hilo kwa macho yangu, limefungwa na klipu mbili na waya. Nilipomuuliza aliyefanya, akasema, "Si huu mpira na ule mpira?" Nikamwambia na kanga na turubai zote nguo, kwa nini hukumvalisha mkeo turubai? Alikasirika, hakunisalimia mpaka Idi.

Lakini linaloua mpira kuliko yote ni kukaa bure. Hili Wapemba hatulitaki kabisa. Sisi tuna sahani za wageni, mashuka ya wageni, vikombe vya wageni, vimo kabatini tunavitazama tu. Basi Bi Asha wa Mgogoni, mwalimu mstaafu, mwanamke wa heshima zake, akafanya hivyo hivyo kwa AC. Gari yake alikuwa nayo miaka, AC akaiweka ya wageni. Yeye na wanawe vioo chini, upepo wa Mungu. Mkwe wake mpya alipokuja kutoka Unguja, Bi Asha akamtia garini kwa fahari, akafunga vioo, akabonyeza. Ikatoka hewa ya moto kama ya mdomo wa tanuri. Mkwe amevaa koti.

Alikuja hapa amekasirika. "Kombo, nimeuziwa gari mbovu! AC haijatumika hata mara mbili!"

"Ndiyo maana imekufa, Bi Asha."

"Kitu hakijatumika kitakufaje?"

Nikamwonesha. Ndani ya mpira wa AC kuna mafuta yanayotembea pamoja na gesi. AC ikiwashwa, mafuta huzunguka, yanalainisha mpira kwa ndani na ringi, zile pete za kwenye maungio. Isipowashwa, mafuta hutuama chini, mpira ukakauka, ringi zikasinyaa, gesi ikajiondokea taratibu bila ya kuaga. Nikautoa mpira wake nikaukunja mbele yake, ukalia kama biskuti kavu. Akautazama, akanitazama. "Kwa hiyo ningekuwa nauchezea kila siku ungekuwa mzima?" Nikamwambia naam. "Na vikombe vyangu?" Nikamwambia vikombe mimi si fundi wake.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, maana mzee asiyesema makosa yake anawadanganya.

Gari hii nyeupe ilikuwa bado ngeni, na Fundi akiipenda kuliko anavyopenda kusema. Msimu ule alikuwa amebeba magunia ya karafuu za mama yake, na panya wakaingia kwenye boneti. Wakatafuna waya, wakaonja na mpira wa AC. Fundi akaniambia, "Kombo, tafuta dawa ya panya hawa." Mimi kwetu dawa ni moja. Nyinyi nyote mna kichupa hicho nyumbani: mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa kwenye vikonyo vya karafuu. Jino likiuma unapaka, kiuno kikikaza unapaka, mbu wakizidi unapaka. Nikasema panya gani atakayestahimili harufu ile? Nikachukua kitambaa, nikawa nayapaka mipira yote ya AC kila alasiri, kwa mapenzi, nikaona inang'aa. Wiki tatu! Panya wakakimbia kweli. Nikajiona tabibu.

Sikujua kuwa mafuta yale hula mpira. Mpira mwembamba ukaanza kufura kama shavu la mwenye jino bovu, ukawa laini, mimi naona ndiyo afya.

Siku ya harusi huko Mkoani, Fundi anaendesha, mama yake, Bi Raya, amekaa mbele na buibui lake jipya, mimi nyuma na sinia la halua mapajani. AC inapiga vizuri. Tulipopanda kilima, paa! Moshi mweupe ukatoka kwenye boneti ukafunika kioo chote. Fundi akasimamisha gari. Mimi nikatamka shahada kwa sauti. Bi Raya hakutikisika, akauliza tu, "Mbarouk, imekufa gari au tumekufa sisi?"

"Gari, mama."

"Alhamdulillahi. Mbona kwanuka mafuta ya makonyo?"

Fundi akageuka pole pole akanitazama. Sijapata kutazamwa vile tena maishani mwangu. Kumbe injini nzima, AC tu ndiyo iliyokufa; tukaenda harusini vioo wazi, Bi Raya jasho linamtiririka, na njia nzima hakuna aliyesema neno isipokuwa yeye, aliyesema harufu ile walau imemponya mafua.

Asubuhi ya pili nilifika kiwandani kwa Fundi na vitu vyangu nimeshavifunga. Nilijua ananifukuza, na baiskeli nilikuwa nimeshaziacha, sikuwa na pa kurudi. Fundi akaniona na kifurushi. Akasema, "Weka hicho. Jino lako likiuma, paka. Mpira hauna jino." Akatoa mpira mpya, akaupima juu ya ule uliofura, akaukata kwa kisu kikali, akatia kikombe cha chuma na kichwa chake. Mashine yetu ya kubana ilikuwa ya mkono, unapampu mpaka kifua kinauma. Akaniambia, "Shika hapa. Usitikise." Nikashika. Akawa anapampu, kikombe kinabana, mkono wangu uko sentimita mbili kutoka kwenye chuma. Aliponiambia niachie, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Mpira huu mimi nimeubana, weye umeushika," akasema. "Ukifa mapema ni aibu yetu sote."

Hakunitaja tena lile jambo. Ila kila mtu akija na maumivu ya jino, alikuwa akimwambia, "Muone Kombo, ana dawa."

Siku zile nazitamani, niseme ukweli. Si kwamba tulifanya kila kitu sawa. Tulikuwa tukiachia gesi ya zamani ikaruka hewani kama mvuke wa chai, hatujui madhara yake, na leo nyinyi mna mashine inayoifyonza na kuihifadhi, na mmetushinda kwa hilo. Mipira mnaagiza kwa simu, inakuja imeshabanwa, haina fundo wala kosa. Mimi nautamani mkono wa Fundi ukipita juu ya mpira, macho kafumba, anautafuta ufa kwa ncha ya kidole kabla ya jicho kuuona. Naitamani sauti yake akiniita kutoka chini ya boneti, "Yakhe! Njoo usikie hii!" Kila kilicho kipya kwake kilikuwa cha kusikilizwa na watu wawili.

Mkewe alipofariki, wanawe wakaja wakamchukua. Hakutaka. Alikaa ndani ya gari uani pangu nusu saa, AC imewashwa, ndipo akanipa ufunguo.

Na mimi ninayewafundisha nyinyi kuwa mpira mzuri, ukitunzwa, huenda miaka kumi na ushei kisha mwambie mwenyewe ukweli autoe, ule wa gari ya Fundi sikuutoa. Ulipita umri wake, nikasema bado. Ukaanza kutoa vumbi la mafuta kwenye kikombe, nikalifuta. Nikawa najaza gesi mara moja kwa mwaka, kisha kila mwezi, kisha mwishowe kila Ijumaa asubuhi, ili adhuhuri itoke baridi nijidanganye. Mpira mpya ulikuwa ukutani, umening'inia, nauona kila siku. Lau mteja angefanya hivyo ningemtukana.

Basi mwezi uliopita, Ijumaa, niko garini, simu ikalia. Alikuwa Maryam, binti wa Fundi, kutoka Maskati. Tukasalimiana, kisha akasema, "Ami, daktari kamkataza Baba safari ya ndege. Kifua chake hakiwezi tena. Anataka kuiona gari." Akamgeuzia kamera ya simu.

Fundi Mbarouk amekonda, vijana wangu. Yale mabega yaliyokuwa yakipampu ile mashine yamekwisha. Macho tu ndiyo yale yale.

"Yakhe Kombo."

"Labeka, Fundi."

"Bado inatoa baridi?"

"Kama siku ya kwanza."

"Niisikilizishe."

Nikaisogeza simu kwenye tundu la hewa. Akasikiliza, akatabasamu. Nikadhani nimepona. "Sasa zima injini," akasema. "Funua boneti. Ipeleke simu karibu na kompresa, na usiseme kitu." Nikafanya hivyo. Uani kimya. Na katika ule ukimya hata mimi nikaisikia: sss, nyembamba kabisa.

"Gesi umejaza lini?"

"Leo asubuhi."

"Na kabla ya leo?"

"Ijumaa iliyopita."

"Na kabla ya hiyo?"

Nikalifuta vumbi la kwenye kikombe kwa ncha ya kanzu.

"Mpira mwembamba, kwenye kikombe," akasema. "Ni ule ule?"

"Ni ule ule."

"Miaka yote hii! Weye wawaambia watu nini mpira ukizeeka?"

"Nawaambia wautoe."

"Wangu je, kwa nini hukuutoa?"

Nilitaka kusema uongo wa fundi, kuwa spea hazipatikani. Maneno yakanitoka mengine. "Niliona nikiutoa, hutarudi."

Nilimsikia akivuta pumzi, na ile pumzi nayo ilikuwa ikivuja. "Kombo," akasema, "mimi sirudi. Si kosa la mpira. Utoe. Ubane mwengine, ubane weye mwenyewe, mimi nikushikie."

"Utashikaje na uko Maskati?"

"Nitashika kwa macho."

Siku ya pili Maryam akapiga tena. Nikaisimamisha simu juu ya kopo la rangi, nikaikusanya gesi iliyobaki, nikaufungua ule mpira. Niliukata mbele yake, na ndani ulikuwa umepasuka pasuka kama bonde la mpunga wakati wa jua. Kwa nje ulikuwa unang'aa, maana nilikuwa nikiufuta kila wiki. Nikautungua mpya ukutani, nikaupima, nikautia kwenye mashine ya mkono, ile ile. Nina umri huu, nikipampu naona nyota. Fundi anapiga kelele kutoka juu ya kopo: "Nyoosha! Umeupinda! Na ringi umeipaka oili? Wallahi umeifunga kavu, Kombo, mzee mzima!" Alisema kweli, nilikuwa nimeifunga kavu. Nikaitoa nikaipaka. Nikafyonza hewa yote kwenye mfumo, nikangoja, nikatia gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likakaa kimya.

"Washa," akasema.

Baridi ilitoka, vijana, baridi ya kweli, ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Basi sasa nipeleke nyumbani."

Nyumbani kwake ni Wete. Nikataka kuiweka simu mbele ya kioo aone njia, akakataa. "Mimi abiria. Niweke kwenye kiti changu." Nikaikunja kofia yangu, nikaiegemeza simu juu yake kwenye kiti cha mbele. "Mkanda," akasema. Nikaufunga mkanda juu ya kofia na simu. Maryam nikamsikia kule akicheka na huku analia.

Nikamwambia njia, maana alikuwa akiona dari tu. Sasa tunatoka Madungu. Sasa tunateremka. Hapa mpunga umeshatoa masuke. Hapa wameanika karafuu kwenye majamvi kando ya njia, nyingi, mwaka huu Mungu katoa. Akaniuliza, "Harufu yaingia?" Nikataka kufungua kioo. "Usifungue! Utanitolea baridi yangu. Niambie tu." Nikamwambia. Nikamwambia na kile kilima tulichopasukia na Bi Raya kiko upande wa pili, siku nyengine nitampitisha. Akacheka, kikohozi kikamshika, kikapita. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kombo, usiizime mpaka nifike."

Nikamwambia siizimi.

Nikaendelea kusema. Nilitaja kila kona, kila msikiti, kila duka ambalo lilikuwa la fulani na sasa la mwanawe. Wete sokoni nikamtajia samaki walioletwa. Nikaingia mtaa wake, nikasimama mbele ya mlango wake, ule wenye vumbi, maana nduguze hupita wa nyuma. Injini sikuizima. Nikasema, "Fundi, tumefika."

Akajibu Maryam, kwa sauti ya chini. "Ami, Baba kalala. Alipokwisha kukwambia usiizime akalala, simu iko kifuani kwake, sikutaka kukukatiza. Nimwamshe?"

Nikakitazama kile kiti: kofia yangu, mkanda, na baridi inapiga hapo moja kwa moja, hapo alipotaka.

"Muache, mwanangu," nikasema. "Akiamka mwambie tu kuwa amefika."